Peremende Hewa

Kwanza tuelewane: Mama Katoni hakubahatisha. Kubahatisha ilikuwa kazi ya wale wengine waliojazana dukani kuikodolea macho ile chupa ya kioo, ndefu kama mkono, iliyojaa peremende; atakayekaribia zaidi idadi yake angeshinda cherehani. Waliandika elfu tano, elfu nane, mmoja eti elfu ishirini. Elfu ishirini, jamani! Hata ungezisaga zikawa unga zisingeenea.

Yeye alikuwa amefungasha peremende kiwandani miaka ishirini na mitatu, mpaka alipopunguzwa kazi. Aliisogelea chupa, akahesabu zilizolala chini: thelathini na tisa. Akapanda kwa macho safu kwa safu mpaka shingoni: safu ishirini na tisa. Akaandika 1,131, akakunja karatasi.

"Wifi, na wewe una imani," alisema mke wa mdogo wake, aliyemsindikiza. "Ukishinda hiyo cherehani utaiweka wapi? Kichwani?"

Alicheka, lakini lilimchoma. Tangu aachishwe kazi alikuwa akilala sebuleni kwa mdogo wake, na kila asubuhi godoro lilikunjwa kabla hajamaliza kunawa uso. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Yeye alikuwa na mwaka na nusu, na jembe lenyewe hana. Cherehani ile ingempatia chumba chake na mlango wa kufunga mwenyewe. Aliitaka mpaka akajionea haya.

Jumamosi mwenye duka alipanda juu ya kreti. "Jibu ni elfu moja na mia mbili! Aliyekaribia ni kinyozi, kaandika elfu moja mia mbili na kumi!"

"Si kweli," alisema Mama Katoni. Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyokusudia. "Zihesabuni."

"Mama, ni katoni mbili, kila moja imeandikwa mia sita. Mia sita mara mbili ni ngapi?"

"Zihesabiwe!" watu wakadakia, nani anakataa tamasha la bure? Zikamwagwa mezani, zikahesabiwa kumikumi. Elfu moja mia moja na arobaini. Mama Katoni alikuwa amepungukiwa na tisa tu. Wifi akapiga vigelegele kana kwamba akili ilikuwa yake.

Kinyozi, aliyekuwa ameshaanza kuipapasa cherehani, akauliza: "Basi hizo sitini zimekwenda wapi?"

Mama Katoni alijua. Katoni zile zilitoka kiwandani kwao, na huko waliziita peremende hewa: katoni imeandikwa mia sita, ndani mia tano na sabini. Msimamizi alikuwa akipita nyuma yao, "Hewa, jamani, msisahau hewa," nao wakiitikia kwa kicheko. Miaka yote ile, kwa mikono yake mwenyewe. Lakini akisema, nani angeamini kwamba alikadiria kwa macho? Wangesema alikuja na siri mfukoni, na cherehani ingerudi kwa kinyozi.

Mwenye duka alimgeukia msaidizi wake, mjane wa makamo. "Katoni ulizimimina wewe. Peke yako."

"Bosi, haki ya Mungu, sijaonja hata moja."

"Kwa hiyo sitini zimeota miguu? Vua aproni, uende."

Mwanamke alisimama na kamba ya aproni mkononi, macho yakitafuta wa kumsaidia. Yakamwona Mama Katoni.

"Mama, wewe hesabu hizi unazijua kuliko sisi wote. Hebu niambie, nimekosea wapi?"

Mama Katoni alifungua mdomo. Wifi akamfinya mkono na kumnong'oneza, "Chukua kitu chako twende."

"Mimi nilihesabu zilizomo tu," alisema. "Zisizokuwemo sizijui."

Alijichukia papo hapo, neno likiwa bado mdomoni.

Cherehani ilikuwa ya chuma, nzito, na wanaume walikuwa wanagombea peremende zilizobaki mezani. Wifi alishika upande mmoja akalalamika mgongo, akauachia. Yule msaidizi alikuwa ameshakunja aproni yake na kuiweka juu ya meza. Alipoona Mama Katoni anahangaika peke yake, alikuja, akainama, wakainyanyua pamoja mpaka barabarani.

"Shika vizuri, mama, isikuangukie mguuni," alisema. "Na hongera."

Mama Katoni akasema asante.