Wimbo wa Bi Kazija

Homa ilipomwachia Bi Kazija, iliondoka na sauti yake. Kabla ya hapo, harusi za Mjini hazikukamilika mpaka yeye aimbe. Sasa alikuwa mjane wa Mkunazini mwenye sauti ya kukwaruza, na wenzake wa taarabu, waliokuwa hawabanduki nyumbani kwake, walipunguza kuja, mwisho wakaacha.

Siku moja akaja Tabia, mwimbaji mpya wa kikundi, binti wa Ng'ambo.

"Shikamoo, Bi Kazija."

"Marahaba."

"Nimekuja kuomba ule wimbo wako. Bibi harusi wa Malindi anautaka, na mie siwezi kuuimba bila ya ruhusa yako."

Wimbo ule Kazija aliutunga mwaka aliofiwa na mumewe.

"Uchukue," akasema. "Mie siutumii tena."

Harusini alikwenda, akakaa nyuma, karibu na viatu. Alijiandaa kuumia. Tabia alipofika kwenye maneno "kwenda sikulaumu, nailaumu njia," hakuyapita mbio. Kazija siku zote aliyakimbiza, akiogopa kulia mbele za watu. Tabia aliyavuta, akayaachia taratibu, na ngoma ikamsubiri.

Kazija akahisi kifua kinamfunguka. Miaka yote aliyouimba wimbo huo hakuwahi kuusikia. Furaha ilimjaa, na alipoitafuta choyo ndani yake hakuiona. Akageuka amwambie mtu. Bibi asiyemjua alikuwa akiyatazama machozi yake.

"Unaumwa, mwenzangu?"

"Siumwi. Wimbo mzuri."

"Mzuri kweli. Wa nani?"

"Wa huyo anayeimba."

Alirudi kwake kabla ya magharibi. Pilau aliyofungiwa ilimshinda. Furaha ile bado alikuwa nayo, na nyumba nzima hakuna wa kumhadithia. Aliyetaka kumwambia mwanzo ni mumewe.

Asubuhi alivaa buibui akaenda Ng'ambo. Wimbo ulikuwa na ubeti wa mwisho ambao hajauimba hata mara moja; alitaka kumpa Tabia.

"Katoka," alisema mama yake Tabia. "Wamemchukua harusi ya shamba. Sijui atarudi lini."

"Ntamngoja kidogo."

Mama yule akamtandikia mkeka, kisha akarudi jikoni. Kazija akakaa peke yake uani, akiupitisha ubeti ule midomoni bila ya kutoa sauti.