Kifuniko cha Bonde la Urbach

Jumamosi moja ya Januari, Luis Zojer alitua salama, akazima injini, akashuka kukojoa, na hapo ndipo alipogundua kwamba bado hajafika chini.

Kosa lilikuwa la kirubani kabisa. Kipimo cha urefu kwenye ndege husoma mgandamizo wa hewa, na kila asubuhi lazima kizungushwe kifuate hewa ya siku hiyo. Zojer alikiacha kwenye hewa ya jana kwa sababu redio ilikuwa ikitangaza mashindano ya kuteleza kwenye theluji, na kila jambo lina wakati wake. Kipimo kikamwambia umefika, naye ni mtu wa kuamini vipimo kuliko macho. Chini ya viatu vyake palikuwa na sakafu ya kijivu, tambarare, ngumu kama mkate wa jana. Chini zaidi, kwa mbali, palikuwa na kanisa.

Watu wa bonde la Urbach, kusini mwa Austria, wanakijua kifuniko hicho tangu utotoni. Majira ya baridi, hewa baridi hujilaza bondeni kama ng'ombe mvivu, hewa ya joto huikalia juu, na moshi wa mabomba yote hupanda wima, hugonga dari, kisha husambaa pembeni. Chini ni ukungu na baridi ya kung'ata masikio. Rubani akipanda, ndege humrusha mara moja tu, kama gari kwenye tuta, halafu jua linampiga usoni na kipimajoto, badala ya kushuka, kinapanda. Hayo ni ya kila mwaka. Jipya lilikuwa kwamba kifuniko sasa kinabeba.

"Ulitua wapi?" aliuliza Obernosterer, mwenyekiti wa klabu ya ndege, huku akijikatia kipande cha keki ya mdalasini.

"Juu ya moshi, mwenyekiti."

"Breki zilishika?"

"Kuliko hapa kwetu."

"Basi Jumapili tunapeleka meza."

Wakapeleka meza, kahawa na soseji. Kupita kwenda juu hakukuwa na shida, na kurudi pia: ukishuka kwa adabu kifuniko kinakubeba, ukikielekezea pua na kukanyaga mafuta kinakupisha. Klabu ikaamua kwamba kutua pale mara ya kwanza ni sawa na kuruka peke yako mara ya kwanza, na desturi ya hapo inajulikana: anayeruka peke yake mara ya kwanza huinama, na kila mwanachama humchapa kofi la makalio, eti makalio yajifunze kuusikia upepo. Wakainama wote kwa zamu, hata Obernosterer. Roswitha Kofler alimchapa mawili.

"Dada, desturi ni moja!" alilalamika mwenyekiti.

"La kwanza la desturi. La pili la baba yangu."

Watu wakacheka, na mwenyekiti akacheka zaidi yao, kwa kuwa alijua anachoambiwa. Roswitha anauza miwani siku za kazi na kurusha ndege wikendi. Baba yake, mzee Engelbert, alifanya kazi miaka mingi katika kiwanda cha mbao cha Obernosterer, akatoka na saa ya ukutani na mapafu yanayopiga filimbi. Daktari alishasema dawa yake ni hewa kavu na jua, akamwandikia vidonge kwa sababu jua haliandikiki. Tangu majani yaanguke mzee hakuwa ametoka nje. Roswitha aliyahesabia mapafu hayo majira mengine mawili ya baridi, si zaidi.

Kwa hiyo Jumapili iliyofuata alimfunga baba yake mkanda, akampandisha, akamtua taratibu juani. Mzee alishuka, akavua kofia, akavuta pumzi. Filimbi haikulia.

"Enhe," alisema. "Sasa unirudishe chini nikafanye nini?"

Hakurudi. Wakamletea hema, jiko na redio. Akanenepa. Akaanza kuimba, jambo ambalo si kila mtu alilifurahia. Bondeni, Bi Zenz wa duka la mikate alipeleka malalamiko kwenye ofisi ya kijiji kwamba kuna mtu anacheza dansi juu ya paa lake, akajibiwa kwamba paa lake linaishia pale linapoishia.

Kutoka juu mambo yalionekana wazi. Moshi wa nyumba za watu ulikuwa nyuzi nyembamba. Moshi wa kiwanda ulikuwa mnene kama shingo ya fahali, na ndio uliokilisha kifuniko chote.

"Ule wa nani?" aliuliza Engelbert, ingawa alijua.

"Wa kwangu," alisema Obernosterer, akammiminia kahawa. "Chujio la bomba nimeshanunua, mzee wangu. Liko ghalani, ndani ya sanduku lake. Serikali inataka lifungwe kabla ya Pasaka, na mimi ni mtu wa sheria. Lakini nikilifunga, unafikiri hiki ulichokalia kitabaki?"

Engelbert aliitazama sakafu. Zojer, aliyekuwa amesimama kando, akahamia kwenye ndege yake.

Mkutano mkuu wa klabu ukafanyika Februari, katika banda la ndege, chini ya taa iliyowashwa mchana kwa sababu nje palikuwa giza la saa nane adhuhuri. Mwenyekiti akasema yeye ni mwanademokrasia. Klabu ikitaka, kesho asubuhi chujio linafungwa. Klabu isipotaka, ana rafiki serikalini ambaye anaelewa kwamba mafundi wana foleni ndefu.

"Wanaotaka chujio?"

Bandani palisikika watu wakikohoa tu.

"Wanaotaka lingoje?"

Mikono ikapanda kama moshi usio na dari. Roswitha alikuwa amekuja na hotuba. Aliiandaa wiki nzima dukani, akiwasomea wateja waliokuwa wakipimwa macho, nao waliisifu. Akasimama. Watu wakamgeukia, na Obernosterer akavua miwani aliyouziwa na Roswitha mwenyewe, amsikilize vizuri. Roswitha akafikiria hema, jiko, redio, na mzee mnene akiporomoka polepole na vitu vyake vyote juu ya kanisa.

Akaketi. Kisha akapandisha mkono.

Jioni hiyo hiyo aliruka na supu ya moto. Jua lilikuwa bado linawaka huko juu.

"Wamesemaje?" aliuliza baba yake.

"Kifuniko kitashika, baba."

"Wote?"

"Wote."

Mzee akanywa supu. Chini ya miguu yao, dhahiri kabisa, mtoto wa jirani alianza kukohoa, akakohoa, akaendelea. Engelbert alisikiliza kidogo. Kisha akainuka, akabeba kiti chake na bakuli lake, akahamia upande ulio juu ya makaburi, ambako palikuwa kimya.