Ghala Ng'ambo ya Athi

Umeme ulipotea kabla Mutindi hajafika ukurasa wa pili wa mpango wake. Picha ya projekta iliyokuwa ukutani ikazimika, na ukumbi wa kanisa pale Kalamba ukabaki na mwanga wa madirishani tu, mwanga wa Agosti wenye vumbi jepesi linaloelea. Watu wapatao arobaini, wamekaa kwenye viti vya plastiki, walimtazama kwa huruma.

Kwa miezi minane Mutindi, afisa wa kilimo, alikuwa akiandika mpango huo: jinsi kaunti za Makueni na Kitui zingelima, zingehifadhi na kugawana chakula, ili ukame ukija usimkute mtu peke yake. Alikuwa ameuleta kwa wakulima wausikie kabla haujapitishwa. Sasa ulikuwa umefungiwa ndani ya laptopu iliyokufa.

"Madam, usisumbuke," alisema mzee Nyamai, mkulima wa ndengu ambaye pia ndiye aliyeshika funguo za ukumbi. "Hii nchi si tunaijua? Tuichore hapa chini."

Wakasogeza viti. Mtu akaleta majivu kutoka jikoni, mwingine akaleta mchanga kwa karai. Walichora barabara ya Mombasa kwa majivu, wakamwaga Mto Athi kwa mchanga, mrefu, uliopinda kutoka ukutani hadi mlangoni. Kisha kila mtu akaweka mazao ya kwao: ndengu Matiliku, mtama upande wa Kitui, mbaazi huku na kule. Kowsar, mfanyabiashara wa mbuzi aliyetoka Makindu, alikuwa amekaa karibu na mlango tangu asubuhi. Alivua viatu, akaja na kutawanya chumvi kidogo mahali ambapo wafugaji hupitisha mifugo.

Wote walikuwa wamevua viatu sasa. Walitembea polepole juu ya nchi yao, wakiinua miguu wasikanyage mashamba ya wenzao, na hakuna aliyesema kwa sauti. Mutindi alihisi kama ametoka nje ya mwili wake na anaona kutoka juu, mahali ambapo mwewe huona, vilima na mito na watu wakubwa kama mawingu.

Akachukua kiondo cha ndengu, akakiweka Makindu.

"Hili ndilo ghala," alisema. "Kubwa, moja, karibu na lami na reli. Sasa kila mtu asimame kwao. Ni Novemba, chakula kimeisha nyumbani. Njooni mchukue."

Walikuja kutoka pande zote, wakicheka chini kwa chini, wakakizunguka kiondo. Mmoja tu hakuja. Alikuwa mama wa makamo aliyeitwa Kanyiva, amesimama upande wa Kitui, vidole vya miguu vikigusa ukingo wa mchanga.

"Vuka, mwaitu," Nyamai alimwita kwa heshima, kwa neno la Kikamba la mama. "Ni mchanga tu huo."

"Umesema ni mwezi gani?" Kanyiva alimuuliza Mutindi.

"Wa kumi na moja."

"Basi siwezi kuvuka."

Kicheko kikaisha.

"Nyinyi mnafikiri njaa huja kukiwa kukavu," Kanyiva alisema, bila hasira. "Kwetu huja kukiwa kijani. Mvua imenyesha, mahindi yamefika magotini, kila kitu kinapendeza, na hakuna cha kupika. Na mto umejaa. Mwaka juzi lori la chakula lilifika ukingo ule mwingine. Tulikaa huku tukiliangalia. Dereva alituinulia mkono, na sisi tukamwinulia. Siku ya tatu akageuza."

Mutindi alitazama mto wa mchanga. Alikuwa ameuchora mara nyingi kwenye karatasi, mstari mwembamba wa buluu, na hata siku moja hakuwahi kuusikia. Sasa ilikuwa kana kwamba anasikia maji yakipita hapo sakafuni, mazito, mekundu, yakimtenga mama yule na watu wote waliokuwa chumbani.

Kowsar ndiye aliyeinama kwanza. Alichota ndengu kutoka kwenye kiondo, akatembea hadi mtoni, akasimama.

"Mwezi wa tisa maji yako chini," alisema. "Mimi huvuka na lori kwenda kununua mbuzi huko. Kwenda, huwa tupu." Akapiga hatua moja juu ya mchanga, akamwaga ndengu miguuni pa Kanyiva.

"Na nani atalinda?" Nyamai aliuliza. "Wakila kabla ya wakati je?"

"Na nyinyi huku mkila kabla ya wakati," Kanyiva akamjibu, "nani huwalinda?"

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko, na Nyamai mwenyewe akacheka hadi akashika kiti. Kufikia alasiri kiondo kilikuwa kitupu. Ndengu zilikuwa zimekaa katika mafungu madogo madogo, kila fungu mahali ambapo mtu angefika kwa miguu yake mvua ikinyesha.

Mkubwa wake Mutindi kazini, bwana Ndolo, hakufurahi. "Ghala moja ni rahisi kusimamia," alisema.

"Ni rahisi kwetu," Mutindi alijibu.

Walibishana wiki mbili. Mwishowe Ndolo akakubali maghala mawili madogo ya majaribio, moja likiwa ng'ambo ya Athi, funguo zikae kwa akina mama wa hapo. Kowsar alivusha magunia katikati ya Septemba.

Mvua zilianza Novemba. Mutindi alikuwa Kalamba siku alipompigia Kanyiva simu. Mtandao ulikuwa unakuja na kwenda, na nyuma ya sauti ya Kanyiva kulikuwa na mngurumo mrefu.

"Huo ni mto?"

"Ndio huo. Umejaa tangu Jumapili."

"Na ghala?"

"Tumefungua jana. Kila nyumba imepata, hata wale wa kule mlimani. Sasa hivi niko jikoni." Mfuniko wa sufuria ukalia. "Na huko kwenu, kunde zimeota?"

"Ziliota, zikaliwa na wadudu. Watu wanatafuta mbegu wapande tena, na hakuna."

"Sisi tunazo. Zile za kukomaa haraka. Mwambie Kowsar asubiri maji yapungue, nitamshushia debe mbili pale kivukoni."

Mutindi alisimama hapo barazani, simu sikioni. Katika mpango wake wote, kurasa zote zile, chakula kilikuwa kikienda kwa Kanyiva. Hakuwa ameandika mahali popote kwamba kitu kingeweza kutoka kwake.

"Mutindi? Umepotea?"

"Niko, mwaitu," alisema, akitoka barazani na kuingia kwenye manyunyu. "Naenda kumwambia Nyamai alime shamba tena."