Kitambaa Chini ya Kisigino

Ndugu msomaji, mtu akilala na moyo mzito hulala kama gunia, na ndivyo nilivyolala mimi alasiri ile kwenye kiti changu barazani, hapa Tabora, baada ya kubishana na binti yangu Sikudhani. Yeye kazi yake ni kupiga picha za eksirei hospitalini. Alikuwa amepata nafasi ya kwenda Misri kujifunza namna ya kuwachunguza mumia, yaani wale maiti wa kale waliokaushwa na kuviringishwa vitambaa vya kitani, kwa mashine na maarifa yale yale yanayotumika leo kutafuta chanzo cha kifo cha mtu aliyekufa juzi. Nikamwambia maiti ni wa kusitiriwa, si wa kupekuliwa. Akanikumbusha kwamba jino liliponiuma nilipigwa picha na sikulalamika kuvunjiwa heshima. Nikamjibu kwamba mimi niliulizwa kwanza. Hao wa Misri nani kawauliza? Akatamka maneno yaliyonikaa kooni kama mwiba wa samaki.

"Basi, baba. Bila radhi yako siendi."

Akaingia ndani, nami nikabaki na ushindi usio na ladha. Nikiwa bado nautafuna, kope zikashuka.

Nikajiona natembea katika nchi ya mchanga mwekundu, na katikati yake umepita mto mpana wenye kingo za kijani kibichi, shayiri ikiinama na kuinuka kana kwamba inaitikia wimbo. Nyumba za huko hazikuwa na milango, bali mapazia meupe yaliyochezacheza kwa upepo, na kutoka kila nyumba ilitoka harufu ya mkate unaookwa. Moyo wangu ukapata wepesi wa ajabu. Mbele yangu akatokea mwanamke mrefu wa makamo, mwenye kilemba cheupe, anayekanyaga taratibu hata mchanga haukulia chini ya nyayo zake. Nikamwamkia, akaitika, akaniambia jina lake ni Staha. Nikafurahi sana, nikamweleza kwamba mimi ni mtu wake wa siku nyingi, kwani alasiri ile ile nilikuwa nimemtetea nyumbani kwangu. Akatabasamu, akasema amepata kunisikia, ila kusikiwa si kujuana. Kisha akaniomba nifuatane naye, kwa kuwa kulikuwa na mtu anayehukumiwa.

Tukafika uwanjani. Umati wa watu waliovaa kitani ulikuwa umekizunguka kitanda cha jiwe, na juu yake amelala maiti mmoja, ameviringishwa vitambaa vyake tangu shingoni hadi nyayoni. Uso ulikuwa wazi, mkavu kama ganda la ukwaju, na kinywa kimeachama. Kando yake alisimama bwana mmoja mwenye mdomo mpana kama wa mtungi, lakini pembeni mwa kichwa hakuwa na masikio hata kidogo. Huyo ndiye Uvumi. Alikuwa akiwasimulia watu kwamba mwanamke huyu alimwekea mumewe sumu, akazikwa hai kwa adhabu, na ushahidi ni hicho kinywa: tazameni, alikufa akipiga yowe. Kila alipoirudia hadithi iliongezeka chumvi, na watu waliirudia baada yake. Staha akaninong'oneza kwamba jua likitua bila mtu kumtetea, mwanamke huyo atatupwa Bonde la Waliosahauliwa, mahali ambapo hakuna atakayemtaja tena kwa wema.

Nikajitokeza mbele, nikakohoa kama mzee anavyopaswa, nikamwambia Uvumi amwache marehemu apumzike, asiguswe wala asisemwe.

"Vizuri sana, mzee wangu," akanijibu kwa furaha. "Ninyi msimguse. Mkimwacha ninyi, ameachwa kwangu."

Umati ukacheka. Kivuli cha mtende kilikuwa kinarefuka. Hapo akanijia kijana mwenye pumzi za mtu aliyekimbia, jina lake Haraka, akanitia mkasi mkononi. Akanisifu kwamba naonekana mtu aliyesoma, akasema kitambaa si chochote, nikate kuanzia mguuni, tumfunue, tuone, tumalize. Najua ninavyopenda kusifiwa elimu yangu. Niliinama pale kwenye kisigino, mkasi ukauma uzi mmoja, na vumbi likaruka. Ndipo mkono wa Staha ukanishika kifundo cha mkono, si kwa nguvu, lakini sikuweza kuusogeza.

"Punde tu ulikataza asiangaliwe, na sasa unataka kumvua nguo," akaniambia. "Kosa halitibiwi kwa kosa jingine. Ngoja nimwite mdogo wangu."

Akaita, na umati ukamfungulia njia msichana mwembamba mwenye taa isiyo na moto wala moshi. Jina lake Uchunguzi, na yeye na Staha wamezaliwa tumbo moja. Kabla ya lolote alimwamkia maiti kama mtu anavyomwamkia bibi yake, akamwomba samahani, akamweleza shida iliyomleta. Kisha akaipitisha taa polepole, na mwanga ukapenya vitambaa bila kuinua hata uzi, ukatuonyesha mifupa myeupe ikiwa imelala ndani kama ndizi ndani ya maganda yake. Uvumi alianza kusema, lakini watu wakamnyamazisha kwa kuwa walitaka kuona.

Uchunguzi akatuonyesha taya: vitambaa vilivyolifunga vililegea baada ya mazishi, likashuka lenyewe. Hapakuwa na yowe. Akatuonyesha meno yaliyolika hadi karibu na ufizi, kwa sababu unga wa mawe ya kusagia una mchanga, na mwanamke huyu alikula mkate wake maisha marefu hadi uzeeni. Akatuonyesha kwamba mwili ulitengenezwa kwa uangalifu wote wa desturi kabla ya kuviringishwa, jambo asilofanyiwa mtu anayezikwa hai. Ikafuata sumu. Akatafuta dalili zake katika nywele na kucha, asione, akasema wazi kwamba haoni, na kwamba asichokiona hatakitungia hadithi.

Taa ilipofika pajani ikasimama. Mfupa ulikuwa umevunjika zamani na ukaunga vizuri, ila mguu ukawa mfupi kidogo kuliko mwenzake. Akatueleza kwamba mfupa wa namna hiyo hauungi kwa mtu aliyetupwa. Palikuwa na watu waliomletea maji, wakamlisha, wakamgeuza kitandani hadi akasimama tena, akachechemea. Kisha akaishusha taa hadi kisigino, pale pale nilipotaka kukata, na sote tukakiona: kitambaa kidogo kilichokunjwa mara kadhaa, kimewekwa chini ya ule mguu mfupi. Waliomvika walikuwa wamekumbuka. Walitaka huko aendako atembee sawasawa.

Watu wakasogea karibu kutazama. Kisha bibi mmoja nyuma akapiga kigelegele, wa pili akapokea, uwanja mzima ukalipuka. Watu walileta mikate na vibuyu vya asali, wakazunguka kitanda wakicheza kwa kuchechemea, mguu mmoja mfupi, mguu mmoja mrefu, na Haraka mwenyewe alijifunza kucheza taratibu. Uvumi alijipenyeza akaondoka, hakuna aliyemtazama. Nami nilicheza mpaka kilemba cha Staha kikalegea kwa kicheko.

Nikazinduka, jua bado liko juu ya mapaa, mguu wangu mmoja ukitingishika. Ndipo nilipoelewa kosa langu la alasiri ile: nilikuwa nimemtenganisha Staha na mdogo wake nikidhani ni maadui. Kumwacha marehemu mikononi mwa Uvumi si kumsitiri.

Nikaingia uani. Sikudhani alikuwa anachambua mchele na mama yake, Bi Zuhura. Nikaanza kuwaeleza habari za mwanamke mmoja niliyemwona, aliyenifanya nicheze.

"Mwanamke gani huyo?" akauliza mke wangu bila kuinua kichwa.

"Wa Misri. Amekufa maelfu ya miaka."

"Hapo sawa. Huyo ndiye rika lako."

Sikudhani alicheka hata mchele ukamwagika kwenye mkeka. Nikamwekea kiganja kichwani, kama baba yangu alivyoniwekea mimi.

"Nenda, mwanangu, radhi yangu unayo. Na kila utakayemwangalia huko, msemee ukweli wake."