Siku ya Kufika Haihesabiwi

Gyalbu aliamka na hasira, tena ile ya kimya, ile mbaya, inayomfanya mtu avute kamba ya kiatu mpaka ikatike. Na kweli ilikatika. Akaipiga fundo, akatoka nje ya nyumba ya wageni ya Tengbo, akatazama juu. Jua lilikuwa limeshagusa vilele. Saa moja kasorobo. Kutoka pale mpaka Lungsampa, kijijini kwao, ni mwendo wa saa mbili kwa mtu wa huku. Kwa mgeni ni saa nne. Kwa mgeni huyu wake, sijui hata niseme ngapi.

Mgeni mwenyewe aliitwa Brigitte, mwalimu mstaafu wa jiografia, miaka sitini na mmoja, mama mpole asiye na neno baya kwa mtu. Saa hiyo alikuwa bado mezani anapaka siagi mkate wake, kona hadi kona, bila haraka yoyote.

"Dada, twende."

"Nakuja, kaka. Milima haikimbii. Si maneno yako mwenyewe ya jana?"

Yalikuwa maneno yake. Jana, Jumatano, Brigitte aliamka mzima kabisa, akasema miguu inamwasha, kwa nini wasisogee tu. Gyalbu akakataa katakata. Ukishalala juu kiasi kile unapumzika siku nzima, mwili uizoee hewa nyepesi. Amewaona wengi waliojifanya wazima jioni, asubuhi wakashushwa juu ya mgongo wa yaki, ng'ombe wa mlimani mwenye manyoya, midomo imegeuka rangi. "Milima haikimbii, dada," akamwambia, akaketi juani, akafua soksi zake zote. Hakuwa na wasiwasi. Hesabu yake ilikuwa tayari: Jumatano wapumzike, Alhamisi kabla ya saa sita mchana awe Lungsampa. Na Alhamisi ndiyo siku yenyewe.

Siku ya arobaini na tisa ya mama yake.

Mama alikufa Gyalbu akiwa ng'ambo ya mlima na wageni wengine. Habari zilimfikia amechelewa, na alipofika nyumbani moto wa kumchoma maiti ulikuwa umekwisha siku nyingi, hata majivu yameshaokotwa. Alikaa Ijumaa na Jumamosi, Jumapili akashuka, kwa sababu kazi ni kazi na msimu ni mfupi. Kifo kilimpita, mazishi yalimpita. Kilichobaki ni siku ile ya mwisho, lama, kuhani wao, anapomsomea marehemu kwa mara ya mwisho, marehemu anapewa sahani yake ya mwisho, kisha karatasi yenye jina lake inachomwa, naye anakwenda zake. Baada ya hapo hata ukipika karamu, hakuna wa kumpa. Na mama, kabla hajakata roho, alimwambia Yangji, dada yake Gyalbu: "Chakula changu cha mwisho anipe Gyalbu. Ndiye aliyekuwa hali mpaka nimlishe kwa mkono." Ndiyo maana Gyalbu akaipigania safari hii kule mjini, akamwomba mwenzake wabadilishane wageni. Aliiona kwenye ratiba: siku ya saba ya kutembea, Alhamisi, monasteri ya Lungsampa. Akaona bahati imemwangukia.

Wakaondoka saa mbili na robo. Mbele Gyalbu, katikati Brigitte, nyuma Mzee Urkyen, mpagazi wao, mtu wa bonde la chini, mdomo wake haujui kupumzika hata akiwa na kilo thelathini mgongoni.

"Mwambie huyo mama," Urkyen akanong'ona walipopanda kipande cha kwanza. "Mwambie una shughuli ya mzazi. Atakimbia huyo."

"Amekuja kuona milima. Hakuja kwenye matanga yangu."

"Basi nuna. Ukinuna atatembea haraka?"

Hakutembea haraka. Na tusimwonee, kosa lilikuwa la Gyalbu mwenyewe. Siku ya kwanza kabisa alimkalisha chini akamfundisha adabu za njia: gurudumu la sala, lile pipa lenye maandiko, halipitwi hivihivi, unalizungusha kwa mkono wa kulia. Ukikaribishwa chai usiondoke na kikombe kimoja, utamfedhehesha mwenye nyumba. Ukuta wa mawe ya sala unaupita ukiwa kuliani kwako, hata kama njia ya upande huo ni ndefu. Wageni wengine ukiwafundisha hayo wanaitikia, kesho wamesahau. Brigitte aliyaandika yote kwenye daftari lake.

Daftari hilo. Jioni waliyoshuka kwenye kindege kidogo, Brigitte alilifungua akaandika juu ya ukurasa, Siku ya 1. Gyalbu akacheka. "Futa, dada. Siku ya kufika haihesabiwi. Siku ya kwanza ni pale kiatu kinapokanyaga njia." Brigitte, mwalimu, akabisha kidogo: mbona mtu ameshafika, kwa nini siku nzima itupwe? Gyalbu akamwambia ndivyo wanavyohesabu waongozaji wote, miaka kumi na miwili anahesabu hivyo. Akafuta.

Darajani wakakuta msafara wa yaki umeziba njia, wanyama ishirini, kila mmoja na magunia ya viazi, na mchungaji wao hana habari. Gyalbu akampigia mluzi. Yule bwana akampungia mkono kama wanasalimiana. Nusu saa ikaenda. Brigitte akaitumia kuchora kengele ya shingoni mwa yaki.

Wakavuka, wakafika kwa Mama Phuti, mwenye kijumba cha chai. Gyalbu alitaka wapite wima. Brigitte akawa ameshasema asante na ameshaketi.

"Kunywa, mwanangu, kunywa," Mama Phuti akammiminia chai ya chumvi na siagi. Brigitte akipunguza funda moja, mama anajaza. Akipunguza, anajaza.

"Dada, inatosha, twende."

"Kaka, bado ni kikombe cha kwanza," Brigitte akamjibu kwa sauti ya chini. "Hakiishi. Ulisema kimoja ni aibu."

Urkyen akageuka pembeni, mabega yanatikisika kwa kicheko. Gyalbu hakuona cha kuchekesha. Alikuwa anatazama kivuli cha nguzo ya mlangoni jinsi kinavyofupika. Saa nne na nusu. Sasa hivi lama ameshafungua kitabu. Yangji amesimama mlangoni anatazama njia. Na yeye amekaa hapa anamsubiri mtu amalize kikombe kisichomalizika. Akainuka, akaweka kiganja juu ya kikombe cha mgeni wake. Mama Phuti akamtazama vibaya.

"Umekuwa hivyo siku hizi, Gyalbu?"

"Nina haraka, shangazi."

Mama Phuti akafungua mdomo, akaufunga. Akaishia kumgusa bega tu, akachukua birika lake. Gyalbu akadhani ni pole ya msiba, akashukuru, akaondoka.

Kutoka pale ni mlima tu. Kila mnara wa sala Brigitte aliuzunguka. Kila gurudumu alilizungusha, na likikwama alisimama akalihangaikia. Gyalbu akawa anatangulia hatua hamsini, anasimama, anasubiri, anarudi, anatangulia tena. Aliwaza maneno makali, akayameza, yakarudi.

"Dada, huna lazima ya kuzungusha yote," alisema mwishowe, na sauti ilitoka na ukali ambao hakuukusudia. "Hii si hesabu ya shule."

Brigitte akasimama, mkono bado uko kwenye gurudumu. "Nimekukosea, kaka?"

"Hapana."

"Tangu asubuhi umebadilika."

"Nimesema hapana. Tembea tu, tafadhali."

Akatembea, kichwa chini, na kwa muda hakuzungusha kitu. Hilo nalo likamchoma Gyalbu. Kumkataza mtu kusali njiani, siku kama ile, kwa ajili ya mama yake.

Ndipo wakafika kwenye ukuta mrefu, ule wa chini ya Lungsampa. Monasteri inaonekana kabisa pale juu, paa lake jekundu, unaweza kuhesabu madirisha. Ukuta una urefu wa hatua mia tatu, na njia yake ya kushoto, ile ya haki, iliharibiwa na maporomoko mwaka juzi, siku hizi inapanda majabalini, inazunguka, inashuka tena. Nusu saa kwa mgeni. Njia ya kulia imenyooka. Hakuna mtu wa kijiji kile anayeipita akipanda. Mtoto anafundishwa hilo kabla hajajua kufunga suruali.

Saa tano na dakika arobaini.

"Mzee, baki naye," Gyalbu akamwambia Urkyen.

"Unakwenda wapi? Gyalbu. Sio huko."

Lakini alikuwa ameshashika njia ya kulia. Miaka thelathini na minane ya kuishi duniani, hakuwahi. Alikimbia, ukuta uko kushotoni kwake, mawe yote yale yenye maneno ya sala, na aliinamisha macho asiyaone. Mwongozaji amemwacha mgeni wake mlimani. Mtoto wa Lungsampa amepita ukuta upande wa kosa. Yote hayo alijiambia atayalipia kesho. Leo afike.

Alifika. Uani pa monasteri palikuwa kimya. Hakukuwa na ngoma, hakukuwa na moshi. Yangji alikuwa amechuchumaa peke yake karibu na bomba, anasugua sufuria kubwa kwa majivu.

"Umefika," akasema, bila kuinuka.

"Wameshaanza? Lama yuko ndani?"

"Lama amerudi kwake."

"Amerudi vipi? Hata saa sita haijafika."

"Tangu jana, Gyalbu. Jana jioni."

Gyalbu alisimama anahema. Alidhani hakuelewa kwa sababu ya kukimbia. "Yangji, leo ndiyo Alhamisi."

"Najua leo ni Alhamisi."

"Mama alikufa Alhamisi. Ijumaa moja, Jumamosi mbili, Jumapili tatu." Alikuwa anahesabu kwa vidole mbele ya dada yake. "Alhamisi ndiyo ya saba. Saba mara saba..."

"Ijumaa moja?" Yangji sasa akainua uso. "Na Alhamisi yenyewe umeiweka wapi? Si ndiyo aliyokufa? Kila Jumatano lama amekuja hapa tumewasha taa. Jumatano saba. Ya saba ilikuwa jana. Nani anahesabu kuanzia Ijumaa?"

Gyalbu akatazama vidole vyake. Alijua nani anahesabu hivyo.

"Ungenitumia mtu," akasema, na sasa alipiga kelele, kwa sababu ilibidi kelele zimtoke zimwendee mtu. "Nilikuwa Tengbo. Saa mbili tu kutoka hapa. Ungetuma mtu."

"Ningejuaje uko Tengbo? Na tangu lini mtoto anakumbushwa siku ya mama yake?" Yangji hakupandisha sauti. "Tulijua umebanwa na mgeni. Lama akauliza, nani anampa chakula. Nikamwambia kaka yangu yuko njiani. Akasubiri. Akauliza tena, nikasema yuko njiani. Jua likaanza kuondoka uani. Akauliza mara ya tatu, nikachukua sahani, nikampa mimi. Wali na viazi, na jibini ile anayopenda. Nikamwambia mama, hii ni ya mkono wa Gyalbu. Sijui kama alikubali."

Akarudi kwenye sufuria yake. Gyalbu akavua mfuko mgongoni, akachuchumaa, akamnyang'anya dada yake lile tambara, akaanza kusugua yeye. Chini kulikuwa na ukoko wa wali ulioungua, umeshika kwelikweli. Akasugua kwa nguvu zake zote, na machozi yakawa yanamwangukia mikononi pamoja na majivu.

Hivyo ndivyo Brigitte alivyomkuta, karibu saa saba. Alikuwa mwekundu, amelowa jasho, na furaha imemjaa usoni, kwa kuwa hakujua lolote. Urkyen alikuwa amefunga mdomo wake njia nzima, mara ya kwanza katika maisha yake.

"Kaka, nimezungusha yote ya hapo nje," Brigitte akasema. "Mia na nane, sikuruka hata moja. Na ukuta nimeuzunguka vizuri. Mzee aliposhangaa huko chini nilidhani umepita upande ule mwingine, nikajiambia haiwezekani, macho yangu tu." Kisha akaona uso wa Gyalbu, na Yangji, na sufuria. "Kuna nini? Ni kwa sababu nimechelewa?"

Neno lilikuwa tayari ulimini. Ndiyo, umechelewa, wewe na chai yako na magurudumu yako. Angelisema, na Brigitte angelibeba mpaka kwao bila kuuliza. Gyalbu alimtafutia kosa kwa dhati kabisa, asubuhi yote ile alikuwa anamtafutia, na sasa alipolihitaji hasa hakuliona.

"Dada, una lile daftari?"

Brigitte akalitoa.

"Ile siku ya kufika, niliyokuambia ufute. Irudishe. Ihesabu."

"Lakini ulisema..."

"Nilisema. Nilikosea."

Akamweleza, pale pale chini, tambara mkononi: mama, arobaini na tisa, sahani, Alhamisi aliyoitupa. Alimweleza kwa maneno machache, na Brigitte aliketi kwenye ngazi, hakumkatiza. Alipomaliza, yule mama akawa anatembeza kidole kwenye kurasa zake, siku baada ya siku, kurudi nyuma, na kidole kikasimama.

"Kwa hiyo jana," akasema polepole. "Jana asubuhi nilipokuambia twende. Sisi tulikuwa..."

Akalifunga daftari.

"Tulikuwa Tengbo," Gyalbu akasema. "Nafua soksi."