Saa Ndefu Iliyogonga Saba

Jumamosi ile Mama Simu alikunja nguo zake bila kubamiza hata mlango mmoja wa kabati, na yeyote anayemfahamu angejua hapo hapo kwamba mambo yameharibika. Mwanamke huyu akikasirika, majirani nyumba ya tatu wanapunguza redio wapate kusikiliza. Lakini hasira ilikwisha siku nyingi. Kilichobaki ni uchovu, ule wa kwenye mifupa, ambao hata ukilala unaamka unaukuta umekaa kitandani unakungoja. Gari la mdogo wake lilikuwa lije saa nne na nusu. Gauni nne, mitandio miwili, viatu vya kutokea, dawa za presha, basi. Miaka thelathini na nane ya ndoa iliingia kwenye begi moja, na zipu ikafunga bila taabu.

Jina la Mama Simu alilipata kazini. Alikuwa opereta wa simu, enzi zile ambapo mtu akitaka kuongea na mji mwingine ni lazima apite kwanza kwenye masikio yake. Alistaafu, mitambo yenyewe ikauzwa vyuma chakavu, jina likabaki. Mumewe alikuwa mkaguzi wa mizani, yule anayeingia madukani na mawe yake ya serikali kuhakikisha kilo ni kilo. Mtu wa kupima. Wenzake walipenda mpira na pombe, yeye akapenda saa kuukuu.

Na saa zenyewe, jamani, si moja wala mbili. Arobaini na moja! Za ukutani, za kuweka juu ya rafu zenye vinguzo kama vya mahakama, moja yenye ndege wa mbao anayechungulia na kurudi ndani, ingawa mdomo ulikwishakatika. Moja aliinunua kwa mjane aliyekuwa akilalisha kuku ndani ya kabati la saa hiyo. Ilichukua mwezi mzima kuisafisha, na hata hivyo siku za mvua ilinuka kuku. Mkubwa wao ni saa ndefu ya kusimama, ndefu kuliko mwenye nyumba, iliyokaa ukumbini nje ya chumba cha kulala kama mkwe asiyeaga. Kila Jumapili mzee alizitia ufunguo zote, anapanda kigoda, anashuka, anasogeza, anapanda tena. "Wenzangu wana mke mwenza mmoja," Mama Simu aliwaambia wageni. "Mimi ninao arobaini na moja, na wote wana sauti."

Alikuwa anatania tu. Saa hazikumnyima usingizi hata siku moja. Zilipogonga usiku alilala fofofo, na aliamka pale moja iliposimama.

Tatizo halikuwa saa. Tatizo lilikuwa mwenye saa.

Mwaka wa pili huu alikuwa hajibu. Unamwita kutoka jikoni, kimya. Unamuuliza atakula nini, anasema "eee." Unamwambia bomba la bafuni limepasuka, anasema "sawa kabisa," na tabasamu juu. Zamani watu hawa wawili walibishana mpaka chai ikapoa: bei ya sukari, siasa, nani alimwanza nani siku ya harusi ya binti yao. Sasa mzee alikula ameinamia sahani, akimaliza anawaendea wapenzi wake ukutani. Kijiwe chake cha karata alikiacha. Simu ikilia, hashiki. "Ametia nta masikioni," Mama Simu alimwambia mdogo wake. "Nimemchosha. Hata ugomvi na mimi hautaki."

Na hayo angeyavumilia, maana ndoa si lelemama, nani asiyejua? Lililomkata maini lilitokea mwezi wa nne. Alikuta uvimbe kwenye titi. Akaenda hospitali peke yake, akapimwa, akangoja majibu wiki tatu bila kumwambia mtu. Siku majibu yalipotoka alirudi nyumbani bado ameshika bahasha, akamkuta mzee juu ya kigoda, mgongo mlangoni, anatia ufunguo. Akasimama nyuma yake akasema kwa sauti ya kawaida, kwa kuwa hakuwa na nguvu ya sauti nyingine: "Baba watoto, nilikuwa naogopa kufa. Nimepimwa. Siyo saratani."

Mzee akamaliza mizunguko yake kumi na minne. Akafunga kioo. Akashuka, akageuka, akamwona.

"Ah, umerudi? Kuna chai?"

Kuna chai! Mwanamke aliitenga chai, akaimimina, akaweka na sukari. Lakini tangu jioni ile moyo wake ulikwisha hama, mwili ndio ulikuwa bado unatafuta nauli.

Miezi minane ilipita hivyo. Jumatatu ya wiki hii akamwambia kwamba anaondoka. Alimwambia mezani, uso kwa uso. Mzee alimtazama mdomoni kwa muda mrefu, kisha akalitazama begi ambalo lilikuwa limeshateremshwa kutoka juu ya kabati.

"Unakwenda kwa mdogo wako?"

"Naenda, na sirudi. Nimechoka na haya," akasema, na mkono ukazunguka hewani kuonyesha nyumba nzima na maisha mazima yaliyokuwemo. Mkono ulipita mbele ya ukuta wa saa. Macho ya mzee yakaufuata. Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyesomewa hukumu akaiona ni ya haki. Hakusema "baki." Hata kuuliza kwa nini hakuuliza.

Kesho yake akaanza kuteremsha saa. Alizitoa vile vyuma vinavyobembea, akavifunga magazeti, akabandika namba, akazipanga kwenye masanduku kwa uangalifu wa mtu anayevalisha watoto wa shule. Siku ya nne ukuta ulikuwa na madoa meupe ya duara na ya pembe nne, na mzee alikuwa hoi, magoti hayakunjiki.

"Kesho anakuja mtu kuzichukua," akasema. "Zote. Nyumba itatulia sasa. Huna haja ya kuhama."

Kumbe mzee alidhani ni saa! Mtu umelala naye kitanda kimoja miaka thelathini na nane, hajui hata kinachokufukuza. Kueleza nako ni kazi, na kazi hiyo Mama Simu alikwisha staafu.

Basi, Jumamosi saa tatu na nusu mnunuzi akaingia, kijana mwenye adabu, na pikapu iliyojaa mablanketi. Alikuwa akinunua saa za kale kwa ajili ya mahoteli. "Shikamoo mama." "Marahaba." Akaliona begi, akaiona na sura ya Mama Simu, akajifanya hakuona kitu. Akakagua masanduku moja baada ya jingine, mzee akimfuata nyuma akieleza bila kuulizwa, na akiulizwa anajibu jambo jingine. Mwishowe wakafika kwenye saa ndefu, pekee iliyoachwa inatembea ili mgeni aone uzima wake. Mama Simu alikuwa amekaa kwenye kiti nje ya chumba, begi miguuni, anangoja honi.

Sasa, saa za aina ile zina ujinga wao. Hazijui mishale iko wapi. Zinahesabu tu: zikishagonga tatu, zinajua inayofuata ni nne. Mtu akiisogeza mishale haraka bila kuingoja saa igonge kila mishale inapopita saa kamili, hesabu inaachana na mishale, na haipatani nayo tena mpaka fundi aipatanishe. Mzee hakuwahi kufanya kosa hilo. Alikuwa akiwafokea wageni walionyoosha tu kidole kuelekea mishale. Lakini mwezi uliopita saa ndefu ilisimama, akaisogeza mwenyewe, na tangu siku ile ikawa inagonga ovyo. Mama Simu alisikia. Akadhani mzee ameichoka nayo, kama alivyomchoka yeye.

Mishale ilipokaribia saa nne kamili, mzee akainua kidole kama alivyowafanyia wageni wote maishani. "Sikiliza hii," akasema. "Kengele ya zamani. Siku hizi hawatengenezi." Akafumba macho.

Saa nne, saa kama ile hugonga kumi. Nani aliyekua nayo asijue kujumlisha sita? Ikaanza. Moja. Mbili. Kidole cha mzee kikawa kinashuka nayo, kichwa kinaitikia, polepole, kwa raha zake. Tano. Sita. Saba.

Ikanyamaza.

Kidole kikashuka tena. Kichwa kikaitikia. Kidole kikashuka mara nyingine, na nyingine, mpaka kumi yake ikatimia ndani ya kimya kile. Mzee akafumbua macho, uso umemchangamka kuliko mwaka mzima.

"Umeisikia?"

Mnunuzi akatazama viatu vyake. "Mzee, imegonga saba."

"Tamu, eee?" alisema mzee. "Sawa kabisa."

Mama Simu hakunyanyuka. Miaka thelathini alikaa na vipokea sauti kichwani, anajua kimya cha mtu aliyenuna, na cha mtu anayelia kwa siri, na kile cha laini iliyokufa, ambayo unaweza kuipigia kelele mpaka kesho na upande wa pili hakifiki kitu. Alikuwa akivitofautisha kwa nusu sekunde, tena kwa watu asiowajua hata majina. Ukumbini kwake mwenyewe, miaka miwili, hakuvitofautisha. Alijiona mjinga wa kutupwa.

"Mwanangu," akamwambia mnunuzi, "hebu katungoje nje kidogo."

Kijana akatoka mbio mbio, ameshukuru kufukuzwa. Mzee alikuwa amewageuzia mgongo, anafuta kioo cha saa kwa mkono wa shati.

"Baba watoto," Mama Simu akasema, kwa sauti ile ile ya siku zote, "nyumba inaungua."

Mzee akafuta kioo.

"Baba watoto, nimepata mchumba. Ana gari."

Akapuliza pembeni pa kioo, akafuta na pale.

Mama Simu akacheka, na kicheko kikatoka na machozi. Akanyanyuka, akamzunguka, akamshika mikono yote miwili ya shati.

"Husikii."

Mzee akamtazama mdomo. "Nasikia."

"Husikii wewe!"

"Kidogo. Watu siku hizi wanaongea chini chini."

"Mwezi wa nne nilikuambia habari za hospitali." Akarudia, neno kwa neno. "Umesimama juu ya kigoda. Nikakuambia majibu."

"Hospitali gani?" Uso wa mzee ukapauka. "Majibu gani? Nani anaumwa?"

Lo! Nani anaumwa. Mama Simu alitamani kumpiga. Kumkumbatia pia alitamani, ila kumpiga kulikuwa mbele. Miezi minane amemchukia mtu kwa neno ambalo halikumfikia, na mtu mwenyewe, kwa kiburi chake kibichi, akakubali achukiwe kuliko kusema.

"Siumwi. Nilipona kabla sijaumwa. Kwa nini hukuniambia?"

"Ungenicheka," mzee akasema. "Mtu wa saa, kiziwi."

"Ningecheka, ndiyo. Ningecheka wiki nzima. Halafu ningekuwa nasemea mbele yako badala ya nyuma yako, mwanaume wewe!"

Hilo alilipata lote. Akageukia saa, maana kuna machozi ambayo mwanaume wa umri ule hayatoi mbele ya mtu. Na akiwa ameielekea ile saa, akaanza kusema. Ilianza na zile ndogo, alisema, zenye sauti nyembamba. Akadhani zimeharibika. Akazifungua moja moja, akazikuta nzima. Halafu yule ndege. Halafu jikoni kukawa hakuna mtu, hata akijua mkewe yumo.

Nje honi ikalia.

Mama Simu akashtuka. Mzee hakushtuka, aliendelea. Honi ikalia tena, ndefu, ya mtu aliyeegesha vibaya, na ile ya tatu ingemleta mdogo mtu ndani na mdomo wake mzima. Mama Simu akatoka upesi akaenda getini.

"Begi liko wapi, dada?"

"Ndani."

"Amekuomba msamaha?"

"Bado. Hata kosa hajalijua vizuri."

"Sasa wewe unataka nini? Panda twende!"

"Rudi nyumbani, mdogo wangu. Nitakupigia jioni. Ni hadithi ndefu na mimi sina pumzi."

Mdogo wake alimtazama kama mtu anayemtazama mgonjwa aliyekataa dawa, akawasha gari, akaondoka bila kuaga. Kwa mnunuzi aliyekaa ukingoni mwa pikapu Mama Simu alisema tu kwamba leo hakiuzwi kitu, arudi wiki ijayo au asirudi. Kisha akasimama kidogo, mkono kwenye geti. Asije mtu akadhani uchovu ulimtoka. Ulikuwepo pale pale, na mwingine ulikuwa njiani: foleni ya daktari wa masikio, kifaa ambacho mzee atakikataa mara tatu, kila habari kuisema kwa kelele mpaka koo likauke. Alipiga hesabu ya yote hayo. Akarudi ndani.

Mzee alikuwa amesimama vile vile, ameielekea saa, mgongo mlangoni. Alikuwa bado anaongea. Ilielekea hakunyamaza hata mara moja.

"...na hilo ndilo lililoniuma kuliko yote," alikuwa akisema. "Sikuwahi kumwambia mtu. Basi, sasa umejua."

Akanyamaza, mabega yamempanda, akangoja kuambiwa kitu.

Mama Simu akamzunguka, akajipenyeza kati yake na ile saa, akamwinua kidevu mpaka macho yakakutana, na akasema polepole, neno moja moja:

"Rudia yote. Sikusikia."