Vidole vya Fundi

Daktari alikuwa ameshaondoa sehemu ya pafu la kulia la Fundi, pamoja na uvimbe wote, na mshono wa ubavuni ulikuwa umefunga vizuri. Kwa hiyo aliposikia habari za kemo, dawa ya saratani ya kutiwa kwa dripu, Fundi alikunja uso.

"Si ulisema umetoa wote?"

"Tuliouona tumeutoa," daktari alijibu. Alikuwa mama mtu mzima, mpole wa sauti. "Lakini tezi moja jirani ilikutwa na saratani. Huenda kuna mabaki tusiyoyaona. Dawa ni kwa ajili ya hayo."

"Huenda."

"Huenda, mama. Sitakudanganya."

Fundi alishona magauni ya harusi. Hakuzoea kukata kitambaa kwa huenda. Siku kadhaa alikaa na neno hilo, kisha akakubali. Mumewe, ambaye hawezi kutazama sindano, alimwomba dada yake amsindikize Fundi. Basi wifi mtu akaketi kando ya kiti cha dripu, mdomo haufungi.

"Kaka yangu alioa mwanamke amejaa. Usije ukamrudishia kijiti."

"Akichoka na kijiti, mchukue mwenyewe kaka yako."

Dripu ya kwanza ilimtapisha. Baada ya dripu ya pili, vidole vikaanza kufa ganzi. Alidhani ni baridi. Kisha, akitia shanga kwenye gauni jeupe, akaona doa jekundu linatanuka. Sindano ilikuwa imemzama kidoleni, naye hana habari. Alilifua doa, asimwambie mtu. Aliogopa hospitalini wakijua watamkatizia dawa. Aliogopa vilevile wasimkatizie.

Walipoenda kwa dripu ya tatu, daktari aliuliza kama kuna tatizo.

"Hakuna," alisema Fundi.

"Muulize blauzi hiyo amefungwa vifungo na nani," wifi akadakia.

Fundi alimtolea macho, hasira zimemjaa. Halafu zikamwishia, akabaki anatazama mikono yake.

"Mimi ni vidole hivi, daktari, navyo vimekufa ganzi. Mkiniponya bila vidole, mmemponya nani?"

Daktari alivuta kiti karibu. "Tunaweza kubadilisha dawa, au tukaishia hapa. Tukiishia hapa, huenda hatari ya ugonjwa kurudi ikaongezeka. Kwako wewe, kwa kiasi gani, sijui."

Wifi alimshika Fundi mkono, akauminya kwa nguvu, ili walau ausikie.

"Badilisha," Fundi alisema mwishowe. "Tumalize."

Wakamaliza. Picha za mapafu zilizopigwa baadaye zilitoka safi.

"Kilichoniponya ni kisu au ni dawa?" Fundi aliuliza.

"Hilo hatutalijua kamwe," daktari alijibu.

Lilimuuma. Alikuwa ameteseka kiasi kile, walau angeambiwa yaliyomsaidia. Alitoka ofisini kwa daktari, wifi nyuma yake.

"Mimi nitasema ni maombi yangu," wifi alisema, "na hakuna wa kunibishia."

Fundi alicheka mpaka pumzi ikamkatika, akaegemea ukuta wa korido.

Ganzi ilipungua polepole, ila vidole viwili havijarudi sawasawa. Cherehani anaiendesha mwenyewe. Shanga na mapindo ya kushona kwa mkono anafanya wifi, na anafanya vibaya. Jana Fundi aliinua pindo moja dirishani, akalitazama.

"Fumua."

"Wifi, mbona limenyooka!"

"Fumua, nikuonyeshe tena."

Wifi akachukua mkasi, huku akinung'unika.